Homa ya Manjano: Nani Achanjwe, Nani Asichanjwe?

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma

   Sisi ni wahudumu wa zahanati. Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya homa ya manjano na chanjo yake.

Pengine wako watakaosema, "Ugonjwa huo hapa kwetu hatuuoni. Unatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki. Hapa Tanzania homa ya manjano si ugonjwa wa kila siku. Hata chanjo yake haimo katika chanjo za kawaida za watoto wetu. Lakini hebu tazameni ziwa letu. Ng'ambo ile ni Kongo, na huko ugonjwa huu upo. Uganda upo. Kenya umezuka mara kadhaa. Nasi watu wa Kigoma tuna ndugu ng'ambo, tuna biashara ng'ambo. Tunapeleka bidhaa, tunarudi na vitenge. Boti haziachi kwenda na kurudi. Basi jambo hili linatuhusu.

Tutaanza na habari ya nyumba moja. Majina hatutayataja, lakini wenyewe wametupa ruhusa ya kuisimulia.

Kadi 5 za njiani

Nyumba hiyo ilialikwa harusi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Zilikuwa zimebaki wiki 3. Waliotaka kwenda walikuwa 6: baba wa nyumba, mkewe mwenye mimba ya miezi 5, mtoto wao wa miaka 5, dada wa baba na mwanawe mchanga wa miezi 4, na bibi yao mwenye miaka 68.

Baba alijua kwamba Kongo humtaka kila mgeni awe na kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo. Lakini alikuwa na haraka. Akakutana na mtu njiani, akamwambia, "Mzee, ya nini kupanga foleni? Nipe fedha, nikupe kadi, zote zina mhuri." Baba akalipa. Akarudi nyumbani na kadi 5, na ya sita akaahidiwa kesho yake.

Jioni bibi akaziomba kadi azione. Bibi huyu ni mwenzenu, alihitimu kisomo. Akavaa miwani yake, akasoma polepole, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Alipofika kwenye kadi ya mtoto mchanga akanyamaza. Kisha akamwita mwanawe. "Baba, huyu mtoto ana miezi mingapi?" Akajibiwa, "Minne, mama." Bibi akasema, "Basi hii kadi inasema alichanjwa miezi 6 iliyopita. Alichanjwa kabla hajazaliwa?"

Watu walicheka, ndugu zangu. Lakini bibi hakucheka. Alisema, "Kama kadi ya mtoto ni ya uongo, na hizi nyingine ni za uongo. Na kama ni za uongo, ndani ya miili yetu mna nini?"

Hilo ndilo neno letu la leo. Mbu hasomi kadi. Askari wa mpakani anaweza kudanganyika kwa karatasi, lakini mbu hadanganyiki. Kinachomkinga mtu ni chanjo iliyo mwilini. Kadi kazi yake ni kutoa habari tu kwamba chanjo imo.

Kesho yake asubuhi watu wote 6 walikuwa zahanati. Yale tuliyowaeleza siku ile ndiyo tunayowaeleza ninyi leo.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Homa ya manjano huletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Porini virusi hivi hukaa katika miili ya nyani na tumbili. Mbu humwuma mnyama mwenye virusi, kisha humwuma mtu aliyeingia msituni. Mtu huyo akirudi mjini au kijijini, mbu wa huko humwuma yeye, kisha huwauma majirani. Ugonjwa hauambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kula pamoja. Mchukuzi ni mbu.

Mtu akiumwa na mbu mwenye virusi, zinapita siku 3 hadi 6. Kisha homa inaanza. Kichwa kinauma, mgongo unauma sana, chakula hakipiti, anatapika. Baada ya siku 3 au 4 wagonjwa wengi hupata nafuu na kupona.

Lakini wachache hawaponi. Wanapata nafuu kidogo, labda ya siku moja, halafu homa inarudi kwa nguvu. Macho na ngozi vinageuka manjano, na ndipo jina lilipotoka. Mkojo unakuwa mweusi. Tumbo linauma. Damu inaweza kutoka puani, mdomoni, au katika matapishi. Kati ya wagonjwa wanaofika hatua hii, karibu nusu yao hufa, na hufa katika siku 7 hadi 10.

Dawa ya kuua virusi hivi haijapatikana. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji, kwa kushusha homa, na kwa kutunza figo na ini. Kwa sababu hiyo chanjo ni jambo kubwa.

Tuangalie pia kosa moja. Malaria kali nayo inaweza kuleta macho ya manjano. Homa ya ini vilevile. Kwa hiyo usijipimie mwenyewe nyumbani. Ukiona dalili hizi, hasa kama umetoka safari, nenda zahanati upimwe, na useme ulikotoka. Usimeze aspirini, maana inaongeza hatari ya kutokwa damu.

Chanjo ilitoka wapi?

Wengine huogopa chanjo wakidhani ni kitu kigeni kisicho na historia kwetu. Basi sikilizeni. Mwaka 1927, huko Ghana, ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast, alikuwapo mtu mmoja jina lake Asibi. Aliugua homa ya manjano. Wataalamu walichukua damu yake kidogo, wakavipata virusi vya ugonjwa huo. Asibi mwenyewe alipona.

Virusi vilivyotoka kwa Asibi vilipelekwa maabara. Mtaalamu Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini, alifanya kazi New York pamoja na wenzake. Walivikuza virusi hivyo katika vipande vya nyama ya panya na ya vifaranga, wakavihamisha tena na tena, zaidi ya mara 100. Vikapoteza ukali wake. Mwaka 1937 chanjo ikapatikana. Mwaka 1951 Theiler alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Hadi leo chanjo tunayoitumia inatokana na virusi vile vilivyotolewa katika damu ya Mwafrika mwenzetu. Watu mamia ya mamilioni wamekwisha kuchanjwa.

Chanjo hii basi ni virusi hai, lakini vimelegezwa. Mwili unavijua, unajifunza kupigana, na haujisahau. Sindano ni moja tu. Baada ya siku 10 watu wengi huwa wamekwisha kupata kinga. Baada ya siku 30 karibu watu wote huwa nayo.

Baadhi ya watu huumwa kichwa au kupata homa ndogo kwa siku chache baada ya sindano. Hilo lisiwatishe. Madhara makubwa yapo, lakini ni nadra sana. Hata hivyo, kwa kuwa virusi ni hai, wako watu ambao miili yao haifai kupewa. Sasa turudi kwenye nyumba yetu, tuwapitie mmoja mmoja.

Nani achanjwe?

Baba wa nyumba. Huyu ni mzima, ana miaka 39, anakwenda nchi yenye ugonjwa. Achanjwe. Ndivyo ilivyo kwa mfanyabiashara, dereva, mvuvi anayelala ng'ambo, na mwanafunzi anayekwenda kusoma huko.

Mtoto wa miaka 5. Achanjwe. Chanjo hii hutolewa kwa mtoto aliyetimiza miezi 9 na kuendelea. Kongo huwachanja watoto wao wakifika miezi 9. Uganda nao waliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2022. Kenya hutolewa kwa watoto wa baadhi ya sehemu za Bonde la Ufa, kama Baringo na Elgeyo Marakwet.

Nani asichanjwe, au asubiri?

Mtoto mchanga wa miezi 4. Huyu hapana. Mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa, maana virusi vya chanjo vinaweza kumdhuru ubongo. Mwenye miezi 6 hadi 8 huweza kuchanjwa tu kama ugonjwa umezuka mahali alipo, tena kwa amri ya wataalamu.

Mama anayemnyonyesha mtoto huyo. Huyu naye asubiri, kwa sababu virusi vya chanjo vinaweza kupita katika maziwa. Kama safari haiepukiki, daktari ndiye atakayepima lipi ni afadhali. Asiache kunyonyesha kwa shauri la jirani.

Mama mjamzito. Kwa kawaida hachanjwi. Lakini ugonjwa ukizuka, au akilazimika kwenda mahali pa hatari kubwa, daktari anaweza kuona kwamba homa yenyewe ni mbaya kuliko sindano. Mama asifiche mimba mbele ya mchanjaji, hata kama ni changa.

Bibi wa miaka 68. Hapa pana jambo la kufikiri. Mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajapata kuchanjwa ana hatari zaidi ya kupata madhara makubwa. Hatusemi ni marufuku. Tunasema daktari ampime kwanza, na yeye mwenyewe aulizwe: safari hii ni ya lazima?

Wako na wengine ambao hawakuwamo katika nyumba ile. Mtu ambaye mwili wake unakataa mayai. Chanjo hii hukuzwa katika mayai ya kuku, na mtu ambaye akila yai huvimba midomo au kubanwa pumzi asichanjwe. Lakini tuelewane: tunasema mwili kukataa mayai, siyo mila kukataa mayai. Kama uliacha mayai kwa sababu ya mwiko wa wazee, chanjo haitakudhuru.

Mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana. Anayetibiwa saratani, anayetumia dawa kali za kushusha kinga, au anayeishi na virusi vya UKIMWI na kinga yake iko chini, asichanjwe. Anayeishi na virusi hivyo lakini anameza dawa zake vizuri na kinga yake imepanda, anaweza kuchanjwa baada ya daktari kumwangalia. Mwambieni mchanjaji mkiwa faraghani. Ni wajibu wake kutunza siri yenu.

Je, ambaye hapaswi kuchanjwa akitaka kusafiri afanyeje? Asinunue kadi. Daktari humwandikia barua, kwa Kiingereza au Kifaransa, kueleza kwamba kwa sababu za afya hakuchanjwa. Lakini ajue mambo 2. Kwanza, wakuu wa mpaka wa nchi ile wanaweza kumzuia kwa siku chache wamwangalie. Pili, barua haimkingi na mbu. Kama safari inaweza kuahirishwa, aiahirishe.

Tuisome kadi

Sasa ndugu zangu, kisomo chetu kitufae. Kadi halali imeandikwa Kiingereza na Kifaransa, lakini msiogope. Majina na tarakimu mnazijua. Kabla ya kuondoka kituoni, angalieni haya:

1. Jina lako limeandikwa sawasawa, kama lilivyo katika pasi au hati yako ya safari.

2. Tarehe yako ya kuzaliwa ni ya kweli.

3. Tarehe ya chanjo ni ile uliyochomwa sindano.

4. Namba ya chanjo iliyotumika imeandikwa.

5. Saini ya mchanjaji ipo, na mhuri wa kituo upo.

Hesabuni pia siku. Kadi huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa tarehe 3, kadi inaanza tarehe 13. Msije mkachanjwa leo na kupanda boti kesho.

Zamani kadi ilikuwa ya miaka 10. Sasa sivyo. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja ni ya maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Mtu akikuambia, "Kadi yako imekufa, lipa upya," muulize kwa adabu sababu yake. Itunze kadi yako mahali pakavu.

Na chanjo haitolewi kila zahanati. Hapa kwetu hatuitoi. Huwa ni vituo vilivyoidhinishwa, kama vya afya bandarini na baadhi ya hospitali. Njooni kwetu tuwaelekeze. Sindano inayotolewa njiani au dukani si ya kuaminiwa.

Kwa nini tusilale?

Mwishoni mwa mwaka 2015 homa ya manjano ilizuka Luanda, mji mkuu wa Angola. Mwaka 2016 ikavuka mpaka ikaingia Kongo, mpaka Kinshasa. Wasafiri kutoka Angola waliupeleka ugonjwa hadi China, watu 11. Wagonjwa 2 walifika nao Nairobi. Chanjo ikawa haba duniani. Kinshasa ilibidi watu wengi wapewe sehemu 1 tu kati ya 5 ya dozi, ili mamilioni ya watu wapate. Katika Angola na Kongo watu zaidi ya milioni 30 walichanjwa, na ugonjwa ukazimwa.

Kenya nayo ilipata mlipuko Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993. Kisha kwa miaka mingi kimya. Mwezi Machi 2022 serikali yao ikatangaza kwamba ugonjwa umezuka Isiolo, katika vijiji vya wafugaji. Ugonjwa unaweza kukaa kimya karibu miaka 30, halafu ukabisha hodi.

Na mbu anayeuchukua mjini na kijijini tunaye. Ndiye yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Ndiye aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Anachokosa ni virusi tu, na virusi vinaweza kuletwa na msafiri mmoja asiyechanjwa, mwenye kadi ya kununua mfukoni.

Wazee wetu mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, kisha wakatoka kufyeka majani na kufukia madimbwi. Kazi hiyo tusiiache. Lakini mbu huyu wa madoadoa hapendi dimbwi chafu. Anataga katika maji safi: mtungi usiofunikwa, pipa, tairi bovu, kifuu cha nazi, kopo lililotupwa. Basi tufunike maji, tusugue mitungi kila wiki, tufukie makopo. Na mgonjwa wa homa alale ndani ya chandarua hata mchana, mbu wasimwume na kuwapelekea wengine.

Nyumba ile ilimaliza vipi?

Mtauliza, na harusi je? Baba na mtoto wa miaka 5 walikwenda kituo kilichoidhinishwa, wakachanjwa. Wakahesabu siku 10, zikatimia, na siku za harusi zilikuwa bado. Mama mjamzito akabaki. Dada na mtoto wake mchanga wakabaki. Bibi alipimwa na daktari, akaelezwa vizuri, akaamua mwenyewe. Alisema, "Harusi zitakuwapo nyingine. Nileteeni kitenge."

Zile kadi 5 za njiani bibi alizitia motoni kwa mkono wake. Fedha zilipotea, naam. Lakini hakupotea mtu.

Ndugu wanakisomo, nyumba ile iliokolewa na mtu mmoja aliyesoma tarehe. Nanyi mnajua kusoma. Msipokee karatasi yoyote ya afya bila kuisoma. Pale msipoelewa, ulizeni. Kuuliza si ujinga.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, nani wanakwenda ng'ambo mara kwa mara? Wamechanjwa?

2. Kwa nini mama mjamzito na mtoto mchanga hawachanjwi hivi hivi?

3. Mtu amechanjwa tarehe 18 Mei. Kadi yake itaanza kutumika lini?

4. Katika ua wako, maji safi yamesimama wapi? Utafanya nini leo?